Mzee wangu, matope ya Moroto na magemu ya magari

Pale Malaba upande wa Uganda, nyuma ya maegesho ya matrela, kulikuwa na kibanda cha mabati chenye kompyuta tatu na jenereta moja, na hapo ndipo mi nilijifunza kuendesha gari, ama tuseme nilidhani nimejifunza. Ilikuwa 2006, mbio moja shilingi mia mbili, CD za kuchoma, Need for Speed Underground 2 na Most Wanted basi, kibodi yenyewe mishale ilishafutika juu ya vidole vya watoto wa madereva na watoto wa mama ntilie. Siri ya ushindi ilikuwa moja: unabonyeza mshale wa mbele huachii mpaka mwisho. Kona ikija unagonga ukuta, ukuta unakurudisha barabarani, unaendelea na safari yako. Nilikuwa natisha wallahi, wakubwa walikuwa wananilipia ili wanione.

Siku moja mzee akanifuata. Nilikuwa nimetumwa sukari tangu asubuhi, na yeye alikuwa ameingia usiku na trela kutoka Kigali, hajalala vizuri, kwa hivyo nilipomuona kwa kioo cha skrini amesimama nyuma yangu nikajua leo ni kiboko. Hakusema kitu. Akaangalia mbio nzima mpaka mwisho alafu akauliza, "Hii gari haiserereki?"

Nikamwambia, "Inaserereka mzee, ukitaka."

"Ukitaka?" Akacheka mpaka yule jamaa wa kibanda akageuka. "Ati gari inaserereka ukitaka! Haya, chukua sukari twende, mama yako anangoja chai."

Hilo neno limenikaa kichwani karibu miaka ishirini sasa. Manake nimekuja kuwa mtu wa simuleta, yaani zile gemu za mbio ambazo hazitaki uitwe mchezaji, zinataka uitwe dereva, na kila nikisoma vile zilianza na vile zilikua, nakuta watu wa Uingereza na Marekani na Italia walikaa miaka arobaini wakihangaika na swali lilelile la mzee wangu ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Gari inaserereka lini, na kwa nini, na inakuambiaje kabla haijaenda?

Mzee kabla ya kupanda matrela ya Mombasa na Kigali alikuwa anapeleka mahindi ya msaada Moroto, kule Karamoja kaskazini mashariki ya Uganda, wakati ule lami haijafika. Udongo wa kule ni mweusi, ukikauka ni kama tofali, ukinyeshewa hata robo saa ni sabuni. Alikuwa anatuambia tairi likishavaa hilo tope halina tena meno, limekuwa chungwa, na lori la tani kumi linaanza kwenda ubavu polepole kama mlevi anatafuta mlango. Sasa dereva mgeni anakanyaga breki, na hapo ndio mwisho wake, yuko mtaroni anakata matawi ya kuweka chini ya tairi mpaka jioni. Mzee alikuwa anasema gari ya matope inaendeshwa na makalio. Macho yanachelewa. Makalio yanasikia nyuma imeanza kuondoka wakati macho bado yanaona barabara ni nzuri tu.

Basi weka hayo makalio akilini, tutayarudia.

Gemu za magari ni za zamani kuliko vile watu wanafikiria. 1974 Atari walitoa Gran Trak 10, likabati kubwa la kuweka baa, lina usukani, lina gia, lina pedali za mafuta na breki, na ndani halina prosesa hata moja, ni waya na vichipu vidogovidogo vimepangwa. Unaangalia kagari kutoka juu kama ndege. Alafu 1982 Namco ya Japani wakaleta Pole Position, hapo sasa uko nyuma ya gari lako na barabara ya Fuji inakuja usoni, kila mtu akachanganyikiwa. Lakini ukigusa bango la pembeni unalipuka moto na gari lingine linakuja. Hiyo bado ni dunia ya kibanda cha Malaba. Kosa ni kugonga, kuteleza si kosa, kuteleza ni urembo.

Aliyebadilisha mambo ni Mwingereza mmoja, Geoff Crammond, msomi wa fizikia, na huyu jamaa mi namheshimu kuliko wote. 1984 alitoa Revs kwa kompyuta ya BBC Micro, ile iliyokuwa inawekwa mashuleni kwao. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja ya WhatsApp ya leo haiingii humo. Na ndani ya hizo 32 akaingiza gari la Formula 3, uwanja wa Silverstone wenye vilima na miteremko yake, na mabawa ya gari unayoweza kurekebisha kabla ya kuingia, na alisaidiwa na dereva wa kweli wa Formula 3, David Hunt, ndugu yake James Hunt bingwa wa dunia wa 1976. Nimeicheza kwa emuleta, yaani programu inayojifanya ile kompyuta ya zamani, kwa laptopu yangu. Nyasi ni kijani moja tu, magari ni vijisanduku, lakini ukikanyaga mafuta mapema ukitoka kona nyuma inaondoka. Nilikaa kimya kidogo siku hiyo. Mtu aliandika hiyo kitu mimi sijazaliwa, na ilikuwa inajua jambo ambalo Most Wanted yangu ya 2006 haikuwa inajua, ama ilikuwa inajua ikaamua kunidanganya ili nifurahi.

1989 yalitokea mawili. Kwa makabati ya baa Atari Games walitoa Hard Drivin', ina ufunguo wa kuwasha gari, ina klachi kabisa, na usukani unakusukuma mikono kama wa gari, na kwa hesabu zake walimtumia Doug Milliken, mtaalamu wa mienendo ya magari, si mtu wa magemu. Kwa kompyuta za nyumbani, kampuni ndogo ya Massachusetts inaitwa Papyrus, ya vijana wawili David Kaemmer na Omar Khudari, ikatoa Indianapolis 500. Waliandika kwa boksi kwamba ni simuleta, na haikuwa kelele za biashara. Magari 33, unaweza kukimbia mizunguko yote 200 ukitaka kupoteza siku yako, na kila tairi lina joto lake. Watu wengi kumbe walikuwa wanainunua wanageuza gari wanakimbia kinyume waone ajali, binadamu ni binadamu.

Sasa nisimame hapa kwa tairi, manake ukilielewa tairi umeelewa historia yote, hayo mengine ni rangi.

Sisi tunafikiria tairi lina hali mbili: limeshika ama limeteleza. Gemu za kwanza zilifikiria hivyohivyo. Lakini tairi la gari likipinda kona linajinyonga kidogo, mpira unavutika, na upande linaloelekea si sawasawa na upande gari linaenda. Hiyo tofauti ya digrii chache ndiyo inazaa nguvu ya kupinda. Ukiongeza usukani, nguvu inaongezeka, inaongezeka, inafika kileleni, alafu inaanza kushuka. Yaani tairi linashika vizuri kuliko wakati wote likiwa linateleza kidogo. Dereva mzuri anaishi hapo juu kileleni, dereva mbaya anavuka upande wa pili anaongeza usukani akidhani atasaidika, kumbe ndio anamaliza. Kuna profesa Mholanzi wa Delft, Hans Pacejka, aliyepata hesabu ya kuchora huo mlima, watu wakaiita fomula ya uchawi, juu inakubaliana na vipimo vya tairi vizuri ajabu hata kama haikuelezi ndani ya mpira kuna nini. Simuleta nyingi zimepitia kwa huyo mzee kwa njia moja ama nyingine.

Na hiyo ni ya lami. Kwa mchanga na kokoto mlima wenyewe hauna kilele chenye ncha, unaendelea tu umelala, juu tairi likienda ubavu linakusanya udongo mbele yake kama jembe na ule udongo ndio unalishikilia. Ndio maana dereva wa rally anaingia kona amelaza gari lote. Mzee alikuwa anaijua hii bila Delft.

Crammond akaendelea na Formula One Grand Prix mwanzo wa miaka ya tisini na Grand Prix 2 1996, Papyrus wakaenda IndyCar alafu NASCAR, mbio za Wamarekani, mimi hizo nazipita haraka si kwa ubaya, NASCAR ni kupinda kushoto na mi sina uvumilivu. Kituo changu ni 1998. Mwaka huo Papyrus walitoa Grand Prix Legends na sokoni ikaanguka. Walichukua msimu wa 1967, magari ya Formula One kabla hayajawekwa mabawa, injini za lita tatu, matairi membamba, hakuna hewa ya kukukandamiza chini. Yaani walichagua makusudi mwaka ambao gari lilikuwa halitaki kukaa barabarani. Kompyuta nyingi za wakati huo hazikuiweza, na wenye kompyuta nzuri nao hawakuiweza, unatoka kwa mstari wa kuanzia umekanyaga mafuta kama ulivyozoea na mita hamsini mbele uko unaangalia ulikotoka.

Mi nilipewa demo yake kwa flashi na rafiki chuoni, miaka mingi baadaye, nikadhani faili imeharibika. Nikamrudishia nikamwambia ssebo gemu yako mbovu. Akacheza mbele yangu kwa usukani wa plastiki, mkono unasogea kidogokidogo tu, mafuta anapima kama dawa ya mtoto, na lile gari lilikuwa linapita kona zote limelala kidogo, kidogo tu. Haikuwa mbovu. Mimi ndio nilikuwa mbovu.

Kitu kingine nilichopendea hiyo gemu: ina Kyalami, Afrika Kusini. Na hiyo Kyalami ya 1967 ina stori yake, kuna John Love, mtu wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya sasa, alikuja na Cooper ya zamani akaongoza mbele ya timu kubwa za Ulaya, zikabaki mizunguko michache akalazimika kuingia kuongeza mafuta, akamaliza wa pili nyuma ya Pedro Rodríguez. Kila nikifungua Kyalami namkumbuka. Mafuta, banange. Hata hapa kwetu mafuta ndio hutuangusha.

Sasa msije mkanisema sijaitaja Gran Turismo. Ilitoka Japani Desemba 1997, Kazunori Yamauchi na wenzake waliisukuma miaka mitano, ikauza zaidi ya milioni kumi. Wakali wa simuleta wanaidharau eti ni ya PlayStation. Mi nawaambia kaeni Kampala muione. Wazungu walikuwa wanaona magari ya ajabu ya Japani, sisi tulikuwa tunaona taksi na gari la mjomba! Subaru Legacy, Impreza, Toyota Chaser, Mark II, yote yaleyale yanayoshuka melini Mombasa yametumika na yanapita Malaba mbele ya nyumba yetu yakiendeshwa moja baada ya moja na namba za karatasi. Nilijua Chaser inasukumwa na matairi ya nyuma kabla sijajua kufunga tai ya shule. Hiyo gemu iliwafundisha watoto wengi kwamba gari lina uzito, na uzito unahama ukifunga breki, na hilo si dogo.

Lakini moyo wangu uko kwa rally, na mtu wa upande huu ukimuuliza kwa nini rally unamuonea tu. Safari Rally ilianza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye ikabaki Kenya peke yake. Aliyeishinda mara nyingi kuliko wote, mara tano, ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, familia yake iliondoka Amin alipowafukuza Wahindi 1972, na mwaka uliofuata akashinda ya kwanza na Datsun 240Z akiwa upande ule wa mpaka. Charles Muhangi wetu alichukua ubingwa wa Afrika 1999. Susan Muwonge akawachapa wanaume wote ubingwa wa taifa 2011. Pearl of Africa, rally yetu ya Uganda, haiko kwa ubingwa wa dunia kwa hivyo magemu ya leseni yanairuka, ila Kenya imeingia mapema, Colin McRae Rally 2.0 ya 2000 ilikuwa na Kenya, vumbi jekundu na kila kitu, na mimi nilikuwa nacheza hiyo rally peke yake, Finland na Sweden nawaachia wenyewe.

Na 2004 ikaja Richard Burns Rally, na hapa ndio ninapokaa mpaka leo. Burns mwenyewe, kabla hajawa bingwa wa dunia 2001, ushindi wake wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia ulikuwa Safari ya 1998, alafu akairudia 2000. Gemu inayobeba jina lake haina Safari, ina Japani, ina Finland, ina Australia, lakini udongo wake ni udongo. Fizikia yake iliandikwa na Mfini, Eero Piitulainen, na hakumhurumia mtu. Kabla hujaanza wanakupeleka shule ya kuendesha, mwalimu anakwambia breki, geuza, subiri, sasa mafuta. Ile "subiri" ndio yenyewe. Burns alifariki Novemba 2005 kwa uvimbe wa ubongo, miaka 34. Waliotengeneza waliendelea na maisha yao lakini wapenzi wakaichukua gemu mikononi, wakaongeza barabara, wakaandika upya hesabu za matairi, na mpaka leo watu wanashindana nayo, gemu ya 2004! Na kwa sisi wa kompyuta za mitumba ni baraka, inatembea kwa mashine ambayo gemu za leo zinaicheka.

Hizo za leo ni nzuri, sikatai. Kaemmer baada ya Papyrus kufungwa akaungana na tajiri John Henry 2004 wakajenga iRacing, ikafunguliwa 2008, viwanja wanavipima na leza mpaka tuta dogo linaingia. Ndio, John Henry huyohuyo ambaye kampuni yake ilinunua Liverpool 2010, kwa hivyo nyie mnaozimia mbele ya bandaumiza Jumapili mjue bosi wenu ni mwenzetu. Lakini unalipa kila mwezi, gari unanunua, uwanja unanunua, na ukimaliza kulipa pingi yako, yaani muda ujumbe wa mashine unaenda na kurudi, kutoka Kampala mpaka Ulaya ni milisekunde mia mbili na kitu, unamuona mwenzako yuko kushoto kumbe alishapita kulia. Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos, 2014, ndio iliwapa wengi wetu nafuu, unanunua mara moja unacheza nje ya mtandao.

Alafu corona. Machi 2020, mbio za Bahrain zimeahirishwa, Formula One wakafanya za kompyuta tarehe 22, akashinda Guanyu Zhou, na siku chache baadaye huku kwetu magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani kabisa. Kampala ilinyamaza, unasikia ndege. Nikiwa chumbani kwangu Kireka naendesha kutwa, na mzee yuko Malaba upande wa Kenya ndani ya kabini, foleni ya matrela kilomita na kilomita, anangoja majibu ya kipimo, watu wanawapigia madereva kelele kwamba ndio wanaleta ugonjwa. Nilikuwa nampigia simu jioni. "Unafanya nini huko baba?" Naendesha, mzee. "Bahati yako, mi nina siku nne sijawasha injini." Septemba ikatoka gemu ya rally ya WRC 9 ikiwa na Safari ya Naivasha, wakati Safari yenyewe ya mwaka huo ilifutwa, ikarudi kweli Juni 2021. Kwa hiyo tulipita ile barabara kwenye skrini kabla magari hayajaipita. Nilipomweleza hilo mzee alinyamaza, nadhani alifikiri ni bando imeisha.

Ameacha kuendesha sasa. Mwaka jana alikuja Kampala kuonana na daktari wa macho akalala kwangu siku tatu, akaona kile kifaa mezani. Logitech G27 ya mkono wa pili, laki nane, klachi na gia sita, nimeifunga kwa meza ya kupigia pasi na bolti za fundi. Nikamuwashia Richard Burns Rally, Subaru, barabara ya udongo. Akakaa, akavuta kiti mbele, akatafuta kioo cha pembeni hakukiona, akanung'unika.

Akatoka na gia ya kwanza bila hata kuzungusha tairi. Kona ya tatu usukani ukamvuta, nyuma ikaanza kwenda, na mi nikaona mikono yake ikirudisha polepole bila haraka, mafuta hayakuachwa, hayakuongezwa, gari likanyooka. Mimi hapo nilianguka mtaroni wiki mbili mfululizo. "Ee, hii inaserereka," akasema. "Lakini imechelewa kuniambia. Kiti hakisemi kitu."

Barabara ambayo mimi naimaliza kwa dakika nne na kitu yeye alikuwa na dakika tisa na hajafika, na hajagusa hata jiwe. Msoma ramani anampigia kelele za Kizungu, yeye hamsikii. Ila kila kona iliyofichwa na miti alikuwa anapunguza, anakaa upande wake kabisa, na kupiga katikati ya usukani kwa kiganja. Pu, pu. Kona nyingine, pu, pu. Mwisho akasimamisha gari katikati ya rally ya ubingwa wa dunia, akaweka handibreki, akanigeukia.

"Wewe, honi ya hii gari iko wapi?"